Mboga za Alasiri za Ziwa la Ng'ombe

Wenzangu vijana wa ofisi ya kilimo, mmeniomba niandike machache juu ya kazi kabla sijasahau. Nawashukuru kwa adabu ya kusema "kabla hujasahau", maana nadhani kulikuwa na neno jingine ulimini. Kumbukumbu zangu bado ziko salama; kilichotangulia kustaafu ni magoti. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, tena mnaulalamikia kwa ufasaha kunishinda. Nitaandika juu ya mboga, mizani, na mtu aliyenifundisha kazi.

Siku ya kwanza niliripoti kazini na viatu vya kisigino na sketi niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Mkuu wa taarifa za soko alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa Jomvu Kuu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Aliviangalia viatu vyangu, akanichukua hadi soko la Kongowea. Ilikuwa masika. Kongowea wakati wa masika ni matope yaliyopondwapondwa na majani ya kabichi, na mahamali wenye mikokoteni hawamsimamii mtu eti kwa sababu ni afisa. Kabla jua halijapanda sawasawa, kisigino kimoja kilikuwa kimebaki kati ya magunia ya viazi, nami nachechemea nyuma ya Mzee Mbwana huku nikijitia kuwa ndio mwendo wangu. Kesho yake nilikuja na viatu vya mpira. Hakulitaja jambo hilo siku ile wala siku nyingine, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kila asubuhi tuliandika bei za vyakula, tukazisoma redioni na kuzibandika ubaoni. Kuifanya ndiko kulikuwa na kazi. Mboga huuzwa kwa fungu, na fungu la mama huyu si fungu la mama yule, hivyo kila mmoja wetu alibeba mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Ukifika sokoni na mizani, wauza mboga hudhani wewe ni kanjo, askari wa manispaa, umekuja kuwasumbua. Mzee Mbwana alinifundisha nisiulize bei kwanza. Nisalimie, niulize za nyumbani, nisikilize jibu, halafu nisimame kando mpaka mnunuzi wa kweli atoe pesa. Bei inayotamkwa, alisema, ni mwanzo wa mazungumzo tu. Iandikwe ile waliyokubaliana mwishoni. Ilinichukua muda kuzoea kusimama bila kufanya kitu huku nikiwa kazini, ingawa baadaye niligundua kwamba wakubwa wetu wengi walikuwa wameshaiweza kazi hiyo.

Kiswahili chake kilikuwa cha Kimvita kilichonyooka, njoo kwake ni ndoo na macho ni mato, na hakuona haya kumsahihisha mgeni yeyote, awe mkubwa wa namna gani. Mimi ni mtoto wa Kigiriama niliyekulia Mikindani, na nilisahihishwa kwa miaka. Alikuwa akiniita Kache, bila bibi wala dada, na nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba kwa utaratibu kana kwamba ndiyo salamu ya kwanza kupewa maishani. Alikuwa mkali wa saa. Wachukuaji wa bei wote, kuanzia Likoni mpaka Kisauni, walitakiwa wawe sokoni asubuhi, kila siku, masika na kiangazi. Ratiba ile aliitunga yeye na aliilinda kuliko gari la ofisi, ambalo kwa kweli halikuwa na mengi ya kulindwa.

Siku hizo namba zetu zilikwenda makao makuu, zikifika huko zinafungiwa kabatini. Mkulima akitaka kujua nyanya zilikwendaje msimu uliopita, alitakiwa aombe ruhusa kwa mtu ambaye kila ukimtafuta yuko mkutanoni. Kisha ikaja hii mliyozaliwa nayo ninyi, ya takwimu wazi: namba zote zinawekwa kwenye tovuti, mwenye simu anaziona bure, anazichukua, anazitumia atakavyo. Mimi nilikuwa na wasiwasi. Nilidhani watu watatucheka. Lakini haikupita muda, mkulima mmoja wa mabiringanya kule Likoni akanipigia simu kwa furaha kuniambia kwamba dalali alikuja shambani na bei yake ya siku zote, naye akamfungulia simu akamwonyesha bei ya Kongowea ya asubuhi hiyo. Dalali alitazama, akakohoa, akaongeza. Niliweka simu chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwa hakika kwamba yale matope yalikuwa na faida kwa mtu.

Baada ya hapo wenzetu wa lishe walileta namba za kwao. Zahanati zilikuwa zikipima uzito wa watoto, nasi tulikuwa na mboga. Vikaunganishwa, ikatoka ramani. Mahali ambapo mama anaweza kutembea kwa miguu akapata mboga za majani palipakwa kijani, na pasipo na mboga pakapakwa nyekundu. Ilikuwa ramani nzuri. Ilisaidia kujua wapi pagawiwe mbegu, wapi pajengwe vibanda vya mboga, wapi mama wafundishwe mapishi. Mzee Mbwana, ambaye kompyuta alikuwa akiigusa kama sufuria ya moto, aliichapisha akaitundika nyuma ya kiti chake. Mtaa wa Ziwa la Ng'ombe ulikuwa nyekundu tupu. Tuliamini. Tukaanza kupanga semina za kuwaeleza watu wa huko umuhimu wa mboga, na maandazi ya semina yakaagizwa mapema, kama kawaida.

Nilikwenda Ziwa la Ng'ombe kwa jambo jingine kabisa. Binamu yangu alikuwa amejifungua, nikatoka kazini nikaenda kumpa hongera. Nilipokata kona kwenye uwanja mmoja wa wazi, nilisimama. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake waliokaa chini kwenye magunia yaliyotandikwa, na mbele ya kila mmoja mafungu ya mchicha, mchunga, mnavu, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, yamenyunyizwa maji yanametameta. Wanunuzi walikuwa wanawake waliotoka vibaruani, wengine bado na aproni za kazi. Nilinunua mchunga wa kumpelekea mzazi, nikaanza kuzungumza na aliyeniuzia.

Aliitwa Mama Karisa. Alikuwa akiuza hapo tangu huyo Karisa akibebwa mgongoni, na sasa Karisa mwenyewe ni baba wa watoto. Alinieleza utaratibu wao bila kuona kwamba kuna cha ajabu. Asubuhi wako mashambani, upande wa Kilifi, wanakata. Adhuhuri wanafunga mizigo na kusafiri. Alasiri wanatandika, kwa kuwa ndiyo saa wenye kupika wanarudi nyumbani, na ikikaribia magharibi wanafagia na kuondoka. Nilimuuliza asubuhi hapa huwa kuna nini. Akacheka, akasema asubuhi ni uwanja wa mpira wa watoto. Basi mchukuaji wetu wa bei alikuwa akifika asubuhi kama alivyoagizwa, anaona mpira, anaandika hakuna mboga. Na kwa saa ile hakuwa mwongo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikidhani nina habari njema ya kupeleka ofisini. Nilikuwa nimemwachia Mama Karisa namba yangu ya simu, na kabla sijaikalia habari hiyo vizuri, akapiga. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya umeme: uwanja utazungushiwa ua, uwe maegesho ya malori yanayosubiri kushusha mizigo Kongowea. Wananchi wamekaribishwa kikaoni kutoa maoni. Sababu iliyotolewa ni kwamba uwanja hauna shughuli. Afisa wa mipango alikuwa ameangalia ramani yetu, akaona nyekundu, akaona uwanja mtupu katikati yake. Simlaumu. Tulikuwa tumewaomba watu wazitumie namba zetu, na mtu amezitumia.

Mama Karisa alikuwa ameambiwa kwamba yeye na wenzake watatafutiwa nafasi ndani ya soko kubwa. Hakutaka. Soko kubwa ni la asubuhi, na asubuhi yeye yuko shambani. Watoto wawili wa bintiye marehemu walikuwa wakila na kusoma kwa uwanja ule, wala hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Aliniuliza kama mimi, kwa kuwa ni mtu wa serikali, naweza kusema neno. Nilimwambia nitajaribu. Nilikuwa na hofu, na neno lenyewe nilijua linapaswa kusemwa na nani.

Nilimwendea Mzee Mbwana na chai, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka kuitazama ramani nyuma ya kiti chake. Alikuwa amebakiza miezi kadhaa kustaafu, na kila mtu alijua anataka kuacha kazi safi nyuma yake.

"Kache," alisema, "ukibadili saa, umebadili kipimo. Nitalinganishaje mwaka huu na mwaka jana?"

Nataka mwelewe kwamba hakuwa akisema upuuzi. Namba zinazochukuliwa leo asubuhi na kesho jioni hazizungumzi lugha moja, na miaka yote ya kazi yake ilisimama juu ya saa ile ile isiyobadilika. Nilichukua vikombe nikaenda kuviosha, na niliviosha kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na sikutaka anione.

Kesho yake alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi. Aliniambia, "Leo nikisha kuswali alasiri, ndoo unipeleke. Nataka nione kwa mato yangu."

Tulikwenda. Kwa bahati mbaya alikuja na mizani yake ya ndoano, kwa kuwa hakujua kwenda sokoni bila mizani, na wanawake walipomwona mzee mwenye kofia na chuma mkononi wakajua ndio mambo yameanza, amekuja kupima uwanja. Wakaanza kukunja magunia. Nilitaka kukimbia mbele nikawatulize, akanizuia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Karisa, akasalimia, akauliza za nyumbani, akasubiri jibu. Halafu akachukua fungu la mchunga, akalivunja jani moja na kulinusa. Mchunga ni mboga chungu, na watu wa kwao huupika kwa tui la nazi, kwa hiyo alikuwa akijua anachokinusa.

"Umekatwa lini huu?" aliuliza.

"Leo asubuhi, mzee wangu," akasema Mama Karisa. "Na kesho asubuhi utakuwa hata mbuzi hauli. Wakituhamisha hapa, mimi nitauza nini, na saa ngapi?"

Mzee Mbwana aliuning'iniza ule mchunga kwenye ndoano, akasoma uzito, akasogea pembeni, akasimama kungoja mnunuzi, kama alivyonifundisha siku ya kwanza. Alisimama hivyo mpaka wanawake wakachoka kumwogopa, wakatandika tena magunia, biashara ikaendelea. Alipita fungu kwa fungu. Adhana ya magharibi ilipokaribia, alinunua mchunga na majani ya kunde zaidi ya yanayoliwa na watu wawili, akanibebesha.

Kikao kilifanyika chini ya hema, palepale uwanjani, na bila shaka kilifanyika asubuhi. Mama Karisa na wenzake waliacha kukata mboga siku hiyo ili wahudhurie. Walikaa nyuma, wamevaa leso zao nzuri. Afisa wa mipango alikuwa bwana mpole kutoka bara. Alieleza mpango wake vizuri, akaionyesha ramani yetu kwenye kitambaa cheupe, akasema hizi si hisia zake, ni takwimu za serikali, na ziko wazi kila mtu anaweza kuziangalia. Mama Karisa akainama akawa anatazama mikono yake. Nadhani aliona kwamba yamekwisha. Mimi pia niliona hivyo, kwa kuwa Mzee Mbwana alikuwa amekaa mstari wa mbele, pamoja na wakubwa, na hajatikisika.

Kisha akainua mkono, akasimama.

"Bwana, ramani hiyo ni yangu," alisema. "Vijana wangu waliandika waliyoyaona, na waliyoyaona yalikuwa kweli, kwa kuwa mimi ndimi niliyewaamrisha waje asubuhi. Hapa soko ni alasiri. Mimi nimekosa. Nakuomba, kabla hujatia ua, ndoo alasiri moja, ukae, uone kwa mato yako."

Alikaa, akaweka kofia yake sawa. Mkuu wetu mmoja aliyekuwa jirani yake alianza kukagua simu yake kwa bidii kubwa. Afisa wa mipango akasema, "Sawa, mzee. Nitakuja." Na alikuja kweli, akakaa, akaondoka na kunde. Malori yalitafutiwa mahali pengine. Wanawake walibaki. Waliahidiwa pia bomba la maji na paa. Bomba lilikuja. Paa bado wanaambiwa liko njiani.

Vijana wa tovuti walikuwa tayari kubadilisha rangi ya Ziwa la Ng'ombe kimyakimya, ikiwezekana kabla ya chakula cha mchana. Mzee Mbwana alikataa. Alisema mtu aliyekwisha kuzichukua zile namba na kwenda nazo atajuaje kwamba zimebadilika? Kama tuliziweka wazi zikiwa mbovu, basi na ubovu wake uwekwe wazi. Alinikalisha kwenye kompyuta, akanisomea maneno, nikayapiga. Yalikuwa mafupi, na chini yake akataka jina lake liandikwe kamili. Mmoja wa wale vijana akashauri, kwa heshima zote, kwamba pengine ingetosha kuandika "marekebisho madogo". Mzee Mbwana alimtazama vile alivyovitazama viatu vyangu.

Baada ya hapo tuliitengeneza ratiba upya, kila mahali na saa yake, na mkitaka kujua kwa nini fomu zenu zina nafasi ya kuandika wakati soko linapochangamka, sababu yake ndiyo hiyo. Alistaafu kwa karamu ya soda na keki. Nilikaa kwenye kiti chake, nikaendelea na kazi miaka mingi, na nilipata mabwana wengine wema. Lakini kila nilipokuwa na namba nzuri mno, namba inayonipendeza, nilijikuta nimesimama mahali saa ambayo si ya kazi, nikitazama. Nilipewa kazi iliyonilisha, iliyonikutanisha na watu wa Likoni, Changamwe na Kisauni ambao nisingewajua kamwe, na juu ya hayo nikapewa mwalimu. Namshukuru Mungu kwa yote hayo, na sijui kama kuna cha zaidi cha kuomba kazini.

Mzee Mbwana alifariki miaka miwili kabla sijastaafu. Mlipokuwa mkiitengeneza upya tovuti, mmoja wenu, na kwa nia njema kabisa, akaniambia tuyaondoe yale maneno ya zamani, kwa kuwa namba zimesharekebishwa, na si vizuri jina la marehemu kubaki pale pamoja na kosa. Sikutaka kuamua peke yangu. Nilikwenda Jomvu Kuu kumwona mjane wake, Bi Mwanaisha.

Alinipokea barazani, akanikalisha, akaniletea kahawa na kashata kabla hajaniuliza shida yangu. Macho yake yalikuwa yameshapungua nguvu. Nilimweleza habari ya uwanja, ya malori, ya Mama Karisa, na nikashangaa kwamba hakuwa akijua hata moja. Alichokumbuka ni kwamba siku moja mumewe alirudi nyumbani na mboga za kulisha mtaa. Nikamwambia kuna maneno aliyoyaacha, nasi tunataka idhini yake tuyaondoe.

"Nisomee," alisema.

Nikafungua simu nikamsomea: "Takwimu za mboga za Ziwa la Ng'ombe za miaka iliyopita zilichukuliwa asubuhi. Soko la hapo ni la alasiri. Waliozichukua hawakukosea. Ratiba niliipanga mimi, nami nimekosa. Aliyezitumia azirudie." Na jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake.

Bi Mwanaisha, kikombe mkononi, akaanza kucheka taratibu, mabega yanamtikisika, mpaka akajipangusa macho kwa upindo wa mtandio.

"Miaka yote nlokaa naye," alisema, "hakunambia 'nimekosa' hata siku moja. Kumbe alikuwa ayajua kuyasema. Liwateni neno hilo papo hapo, msiliondoe."

Nilimwambia halitaondolewa. Akaweka kikombe chini, akanisogelea.

"Nisomee tena, mwanangu."

Nikamsomea tena.